Baba yuko Tunduru, zamu yake inasubiri

Saa mbili usiku simu ya mama inaita. Ni baba, yuko safarini. Simu inapita mkono kwa mkono.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, hujambo?"

"Sijambo."

"Shule inaendaje?"

"Nzuri."

Inapokelewa na mtoto wa pili, kisha wa tatu, na maneno ni yale yale. Dakika nne zimewatosha watoto watatu. Baba anakata simu akiwa na picha ile ile aliyokuwa nayo kabla ya kupiga.

Mzazi yeyote anayefanya kazi mbali na nyumbani anaijua simu ya namna hiyo. Si kwamba watoto hawampendi. Hawana la kumwambia, kwa sababu hakuna jambo wanalolifanya pamoja naye wiki nzima. Salamu zikiisha, mazungumzo nayo yameisha.

Chukua mfano wa familia moja ya Lizaboni, Manispaa ya Songea. Baba ni dereva wa lori la makaa ya mawe. Hupakia Mbinga, hupita Songea, Namtumbo, Tunduru na Masasi mpaka Bandari ya Mtwara. Kutoka Songea hadi Mtwara peke yake ni zaidi ya kilomita 600, na akishashusha mzigo hurudi kupakia mwingine. Mama ni fundi cherehani. Bibi mzaa baba anaishi nao. Watoto ni binti wa kidato cha pili, mvulana wa darasa la sita na kitinda mimba wa darasa la pili.

Anayewatia wazazi wasiwasi ni huyo wa katikati. Zamani akisikia honi ya lori alikuwa wa kwanza kutoka nje. Sasa baba akipata siku mbili za kupumzika, wanakaa sebule moja kama abiria wanaosubiri mabasi tofauti.

Familia hiyo ilipata njia ya kumrudisha baba kwenye mazungumzo ya nyumbani, na simu ilisaidia sana. Lakini haikuanza na simu. Ilianza na dadu mbili zilizobaki kwenye seti ya ludo ambayo ubao wake ulishachanika.

Mchezo wenyewe ukoje

Kuna aina ya mchezo ambao hauna ubao wala mshindi. Watu hukaa mezani au mkekani, mmoja anakuwa msimulizi, na kila mwingine anachukua mhusika wake ndani ya hadithi. Msimulizi anaeleza mahali walipo na tatizo lililopo. Wachezaji wanasema wahusika wao wanafanya nini. Jambo likiwa gumu, dadu hurushwa ili kujua kama limefanikiwa.

Mchezo wa kwanza wa aina hii kuchapishwa na kuuzwa madukani ulitoka Marekani mwaka 1974. Unaitwa Dungeons & Dragons, na waliouandika ni Gary Gygax na Dave Arneson. Wao hutumia dadu za maumbo mbalimbali, ikiwamo yenye pande 20. Lakini kiini chake si kigeni kwa mtu aliyekua akisikiliza hadithi za bibi. Mtambaji huita, wasikilizaji huitikia. Tofauti ni kwamba hapa msikilizaji anaweza kusema "mimi sipiti njia hiyo," na hadithi ikabadilika kweli.

Kanuni za nyumba hiyo ya Lizaboni zinaenea kwenye ukurasa mmoja wa daftari. Kila mhusika ana sifa tatu: nguvu, akili na moyo. Mchezaji anapewa alama nne azigawe kwenye sifa hizo, na hakuna sifa inayozidi alama tatu. Akijaribu jambo gumu anarusha dadu mbili, anajumlisha na alama za sifa inayohusika. Akifikisha nane amefaulu.

Hesabu hiyo ina mafunzo yake. Dadu mbili zina matokeo 36. Asiye na alama yoyote hufikisha nane mara 15 kati ya hizo, yaani chini ya nusu. Mwenye alama moja hufaulu mara 21, mwenye mbili mara 26, na mwenye tatu mara 30. Mtoto wa darasa la sita akielezwa hivyo huku dadu zikiwa mkononi mwake, anaelewa kwa nini fundi mwenye akili tatu ndiye wa kutumwa kufungua kufuli, na kwa nini hata yeye anaweza kushindwa.

Kushindwa hakuimalizi hadithi. Kufuli lisipofunguka, pengine ufunguo umekatikia ndani na mlinzi amesikia. Tatizo jipya limezaliwa na mchezo unaendelea.

Jumamosi ambayo simu ilitawala

Mara ya kwanza mama alitaka mambo yawe mazuri zaidi. Yeye na binti yake walipakua programu ya kurusha dadu, wakatafuta muziki wa kutisha kidogo, wakatafuta picha za majoka. Kisha wakaiomba programu ya akili mnemba iandike hadithi nzima.

Hadithi ilikuja baada ya sekunde chache. Ilikuwa na ngome ya mawe, mfalme mgonjwa na mlima wenye theluji. Binti alisoma kwa sauti kutoka kwenye kioo. Kitinda mimba aliuliza theluji ni nini. Ujumbe wa kikoba uliingia katikati ya vita na joka, mama akaujibu. Bibi alisinzia. Mvulana aliuliza kama anaweza kwenda kulala.

Kilichokosekana hakikuwa ufundi. Programu ile ilifanya kila ilichoombwa. Tatizo ni kwamba iliombwa kufanya kazi ambayo ndiyo raha yenyewe ya mchezo, yaani kubuni na kuamua. Watoto walibakiwa na kazi ya kusikiliza, na kusikiliza simu hawakuhitaji kukusanyika.

Jumamosi iliyofuata mama aliweka simu kifudifudi, akauliza swali moja: "Mto Ruvuma umeacha kutiririka. Nani anakwenda kutazama?"

Watoto wa Songea wanajua Ruvuma huanzia milima ya Matogoro, na milima hiyo wanaiona. Hakuna aliyehitaji picha. Binti alisema yeye ni mtaalamu wa mitishamba. Mvulana alisema ni fundi anayeweza kutengeneza chochote kwa waya. Kitinda mimba alitaka kuwa sungura anayezungumza, akakubaliwa. Bibi hakutaka mhusika, lakini kila walipoingia msituni aliwaambia majina ya miti waliyoikuta, na mti upi mbichi hutoa moshi ukichomwa. Kumbe alikuwa anacheza.

Siku moja mvulana alitaka kubadili mhusika. Shule yao ilikuwa imetembelea Makumbusho ya Majimaji palepale Songea, naye akataka kuwa Nduna Songea Mbano, ili safari hii dadu zimwokoe.

"Hapana, mume wangu," bibi alimwambia, kwa utani wa kawaida wa bibi na mjukuu, ingawa uso haukuwa na utani. Wapiganaji wa Kingoni walionyongwa Songea tarehe 27 Februari 1906, katika Vita vya Majimaji vya mwaka 1905 hadi 1907, ni watu waliokuwepo. Kaburi lao lipo na kila Februari hukumbukwa. "Hao wanasimuliwa. Hawarushiwi dadu."

Usiku huo haukuchezwa mchezo. Bibi alisimulia, na wote walisikiliza. Tangu hapo kanuni ya nyumba ni kwamba milima na mito inaweza kuwa ya kweli, lakini watu wa kwenye mchezo ni wa kubuni.

Kazi tatu za simu

Mama hakuifukuza simu. Aliipangia kazi, kama anavyompangia mtoto anayetaka kusaidia jikoni, asije akamwaga mchuzi.

Kazi ya kwanza ni ukarani. Mchezo wa hadithi huchukua wiki nyingi, na kumbukumbu za watoto hugombana. Kamba ilitumika au bado ipo? Yule mzee wa darajani alidai nini? Kila mchezo ukiisha, binti anaandika mistari mitano kwenye simu ya mama: wako wapi, wana nini, nani ameumia, wameahidi nini, swali gani limebaki. Ramani inachorwa kwenye daftari kwa penseli na kupigwa picha, maana daftari huweza kuloa.

Kazi ya pili ni kengele. Mama anaiambia simu ilie baada ya saa moja. Ikilia, mchezo unaishia hapo hapo hata kama sungura ananing'inia kwenye tawi. Watoto wanabishana na mama anaposema muda umekwisha, lakini na kengele hawabishani.

Kazi ya tatu ndiyo iliyobadilisha nyumba. Simu ni mjumbe wa baba.

Baba naye ana mhusika: mvuvi wa Mbamba Bay aliyepanda kutoka Ziwa Nyasa kuja kuuliza kwa nini mito inakauka. Familia ina kundi dogo la WhatsApp, watu wa nyumbani tu. Jumamosi usiku mistari mitano ya binti inatumwa pamoja na picha ya ramani. Kisha mmoja wa watoto anamrekodia baba ujumbe wa sauti, anamweleza mvuvi wake amefika wapi na anatakiwa kuamua nini. Baba akisimama kula au kulala, anasikiliza na kujibu kwa sauti. Njia zikiwa mbili, wanatumia kura ya WhatsApp, huduma iliyoanza mwaka 2022, na baba anapiga yake wakati wowote mtandao unapopatikana.

Dadu hazikuhamia kwenye simu. Ziko programu nyingi za kuzirusha, na hata Telegram ina alama ya dadu inayotoa namba kwa bahati nasibu. Lakini dadu ya mezani kila mtu anaiona inavyobingirika, na mtoto wa miaka saba hana shaka nayo. Kwa hiyo baba akiamua jambo gumu, mtu wa nyumbani humrushia.

Mama alimpa kazi hiyo mvulana wa katikati. Hakumweleza sababu.

Wiki ambayo jibu halikuja

Katika hadithi walikuwa wamefika kwenye daraja la kamba. Mvuvi ndiye pekee aliyekwishavuka. Alitakiwa kuamua kama atafunga kamba upande wa pili ili wenzake wapite, au aufuate kwanza mwanga aliouona msituni. Ujumbe ulitumwa Jumamosi. Jumapili ulikuwa bado na tiki moja. Jumatatu tiki moja. Baba hakupatikana hata kwa simu ya kawaida.

Mama alijua kidogo zaidi ya watoto. Utingo alikuwa amempigia kwa simu ya kuazima: springi imekatika mbele ya Tunduru, chaji imeisha, wako salama, wanasubiri kifaa. Aliwaambia watoto hivyo hivyo, bila kupunguza wala kuongeza.

Jumamosi ilipofika tiki ilikuwa bado moja. Binti alipendekeza mama amchezee mvuvi, ili hadithi isikwame. Kanuni ya nyumba iliruhusu: asiyekuwepo hafi wala hapotezi kitu, na msimulizi anaweza kumsogeza.

Mvulana alikataa. "Zamu ni yake," alisema. "Tumsubiri hapa hapa darajani."

Basi saa nzima hawakusonga mbele hatua moja. Walipiga kambi. Fundi alitengeneza taa kwa waya na kopo, akaiinua juu ili mtu aliye ng'ambo aione. Alihitaji nane, dadu zikaleta nne na mbili, akajumlisha tatu zake za akili. Taa ikawaka. Bibi aliwaambia kuni zipi zinakaa na moto hadi asubuhi. Kitinda mimba alilala mkekani kabla kengele haijalia.

Jumatatu saa moja asubuhi tiki zilikuwa mbili. Jioni baba alijibu, sauti yake imechoka. Aliomba radhi kwa mvuvi kuchelewa, akasema anafunga kamba.

Mvulana alimwomba mama simu, akatoka nayo kibarazani. Ujumbe aliorekodi ulikuwa wa dakika tatu. Alieleza taa ilivyotengenezwa, dadu zilivyoanguka, na kwamba hakuna aliyevuka kabla yake. Halafu, bila kubadili sauti, akauliza: "Baba, springi ikikatika mnaitoaje na mzigo uko juu?"

Baba alimweleza kwa dakika tano. Alieleza jeki zinavyowekwa, magogo yanavyowekwa chini ya fremu, na kwa nini hawakuthubutu kushusha makaa barabarani. Mvulana akauliza swali lingine. Ilipofika saa tatu mama alilazimika kuomba simu yake.

Asiyejua angesema tatizo limekwisha. Halijaisha. Baba akipiga simu na kuuliza shule inaendaje, mara nyingi jibu bado ni "nzuri." Lakini sasa lipo jambo ambalo mvulana anajua kuwa baba yake hawezi kuendelea nalo bila yeye, na yeye hawezi kuendelea nalo bila baba. Hapo mazungumzo yana pa kuanzia.

Mzazi anayetaka kujaribu

Gharama ni ndogo. Penye dadu za ludo, zinatosha. Pasipokuwepo, vikaratasi sita vyenye namba 1 hadi 6 kwenye kopo vinafanya kazi ile ile: chukua kimoja, soma, rudisha, changanya, chukua tena. Ziko tovuti kubwa za kucheza michezo hii kwa watu walio mbali, kama Roll20 iliyoanza mwaka 2012, lakini zinataka intaneti ya uhakika na kompyuta. Familia yenye simu moja na bando la wiki haizihitaji. Ujumbe wa sauti wa dakika moja hula data kidogo sana kuliko simu ya video, na hausubiri pande zote mbili ziwe na mtandao kwa wakati mmoja.

Tatizo la kuanzia liwe dogo na la karibu: mbuzi wa jirani amepotea, kengele ya shule imeibwa, mto umekauka. Mzazi asiandike mwisho. Akiandika mwisho, atawasukuma watoto waufikie, nao watajua.

Wakati wa mchezo data izimwe. Mistari mitano na ujumbe wa sauti vitatumwa baadaye. Ujumbe wa kikoba utasubiri saa moja, na mtoto ataona kwamba yeye hakusubirishwa.

Mtoto mkubwa asiruhusiwe kuamua kwa niaba ya mdogo. Msimulizi amuulize kila mmoja kwa jina la mhusika wake, akianza na yule asiyependa kuongea, na ampe muda. Mtoto anayejibu neno moja kama yeye mwenyewe, mara nyingine hujibu sentensi nzima kama fundi au sungura.

Kundi la WhatsApp liwe kwenye simu za wazazi. Masharti ya WhatsApp yenyewe yanataka mwenye akaunti awe na umri wa miaka 13 au zaidi, na sauti za watoto hazina sababu ya kusambazwa kwa ndugu na majirani hata kama zinachekesha.

Akili mnemba ikitumika, iulizwe vitu vidogo pale mzazi anapokwama: majina matatu ya vijiji vya kubuni, au kitendawili cha mlinzi wa daraja. Isipewe kazi ya kuamua yanayowapata watoto hadithini.

Na la mwisho ni kwa mzazi aliye barabarani. Zamu yake isijibiwe lori likitembea. Asisikilize wala asirekodi akiwa nyuma ya usukani, hata kama njia ni nyeupe na watoto wana hamu. Jibu litolewe akishaegesha na kuzima injini. Nyumbani wameshakubaliana kwamba watamsubiri darajani.